Punje Zilizobaki Buluu

Ng'ombe aliyeanzisha mambo haya hajawahi kuhojiwa na mtu. Alikuwa amelala katikati ya kiwanja cha ndege cha Makangale, anacheua, na alipoiona ndege inashuka aliitazama kwa makini, akaona haimhusu, akaendelea kucheua. Ikabidi rubani ndiye apishe. Ndege ikakata kushoto, gurudumu likatumbukia shimoni, na mguu wa kushoto ukapinda kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Ng'ombe hakupata hata mkwaruzo. Alinyanyuka, akajinyoosha, akaondoka taratibu na heshima zake zote.

Neno kiwanja lisimghuri mtu. Ulikuwa ukanda wa majani yaliyofyekwa nyuma ya msitu wa Ngezi, kaskazini ya Pemba, wenye banda la mabati upande mmoja na upepo wa bahari upande wa pili. Umeme haukufika. Nguzo zilikuja kwa mbwembwe kutoka Konde, zikafika skuli, zikasimama hapo kama wageni walioambiwa wasubiri nje, na kitongoji chote cha nyuma ya skuli kikabaki na kandili. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya injini moja, mali ya shirika la hisani lililokuwa likichukua wagonjwa mahututi wa kaskazini na kuwapeleka Dar es Salaam. Mlinzi wake alikuwa Jecha, mtu mpole kupita kiasi, na saa ile ya ng'ombe Jecha alikuwa mwisho wa kiwanja, anamfukuza ng'ombe mwingine.

"Mguu si shida," alisema Samwel, rubani, walipokwisha kuisukuma ndege hadi bandani. Samwel alikuwa mtu wa Mwanza, mrefu, mwenye sauti ya kuhubiri hata anapoomba chumvi. "Mguu ni chuma. Tutaagiza mwingine huko nje, utachelewa, utakuja. Ninachokiogopa ni injini. Injini ikikaa miezi bila kuwaka, hii hewa yenu inaingia ndani. Usiku inapoa, inageuka maji, na maji yanazaa kutu."

"Hewa hii yetu sisi yatufaa," alijibu Jecha.

"Nyinyi hamna silinda."

Jecha akakubali kwamba hana.

Kabla ya kuondoka kwenda kusubiri kwao, Samwel alimwachia Jecha kazi. Aliziba bomba la moshi na matundu ya pua ya ndege kwa vizibo vyekundu. Akaleta chupa kubwa ya kioo iliyojaa punje za buluu, jamii ya zile zinazokuja ndani ya vipakiti kwenye maboksi ya viatu vipya, zimeandikwa usile. Pembeni ya chupa akaweka pampu ndogo ya kupuliza hewa, ya ukubwa wa ngumi. Mpira mmoja ulitoka kwenye chupa ukaingia ndani ya injini, mwingine ukatoka kwenye injini ukarudi kwenye chupa, ili hewa izunguke humo humo na kila ikizunguka iachie maji yake kwenye punje. Juu ya banda akafunga paneli ya sola, na chini yake betri yenye soketi za kuchomekea.

"Sikiliza sana," alisema. "Punje zikiwa buluu, ni kavu. Zikigeuka pinki, zimeshiba maji. Zitoe, zikaange kwa moto mdogo mpaka zirudi buluu, zirudishe. Usiizungushe propela kwa mkono hata watoto wakulilie. Na betri hii ni ya pampu. Mchana inakula jua, usiku inakula akiba. Usiku ndiyo kazi yenyewe."

"Usiku ndiyo kazi yenyewe," Jecha akarudia, kama mwanafunzi wa chuoni.

"Na mimi ahadi yangu unaijua."

Aliijua. Kila aliyemjua Jecha aliijua. Mkewe, Mwatum, alikuwa na mimba, ya kwanza kushika baada ya miaka mingi ya dua na dawa za kila rangi. Lakini Mwatum alikuwa na moyo mbovu. Homa ya utotoni ilimwachia vilango vya moyo visivyofunga sawasawa, na daktari alikwisha sema waziwazi: huyu asizalie hapa. Azalie Dar, kwenye madaktari wa moyo, na apelekwe mwezi wa tisa wa mimba ukiingia, amelala, na mtu wa kumwangalia pembeni. Ndege za abiria za Chake hazipakii mjamzito wa miezi hiyo, sembuse wa kulala. Boti ilishawahi kumpeleka Unguja mara moja, na walipofika watu wakadhani imeleta maiti. Samwel ndiye aliyesema: mguu utafika kabla ya mwezi wake, nami nitampeleka mwenyewe. Wewe nitunzie injini.

Kwa hiyo Jecha hakuwa analinda ndege. Alikuwa anamlinda Mwatum, ila Mwatum huyo alikuwa na mabawa na turubai.

*

Mwanzoni mambo yalikwenda kama ibada. Zilikuwa siku za mvua, na punje zilishiba haraka. Kila zilipopauka na kugeuka pinki Jecha alizimwaga kwenye kikaango, akakiinjika juu ya seredani ya makaa uani kwake, akakaa kwenye kibao akizigeuza kwa mwiko, uso umemkunjika kama kadhi anayeamua kesi ya talaka.

"Leo wapika nini, bwana?" Mwatum aliuliza akiwa ameegemea nguzo ya baraza, mkono kifuani. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makubwa ya kucheka, na pumzi ilimtosha kwa sentensi fupi tu. Kwa hiyo alichagua za kuuma. "Miye mimba yangu yataka urojo. Weye wamkaangia ndege."

"Zikiiva nitakuonjesha."

"Mwenzio kala ngapi leo?"

"Kala chupa nzima."

"Basi yeye ndiye mjamzito."

Watu wa kitongoji nao walikuja kuiangalia. Ndege yenye mipira puani na chupa pembeni haikuhitaji maelezo: imelazwa, imetundikiwa dripu. Bi Ummkulthum, jirani wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima aliyehesabika kuwa hajakosa kumtembelea mgonjwa hata mmoja tangu Mapinduzi, alifika na kanga mbili, akasimama mbele ya propela akaipa pole. Akauliza imelala vipi. Akauliza inapata choo. Jecha akamjibu kwamba inaendelea vizuri, na Bi Ummkulthum akamwombea afya mgonjwa na familia yake.

Aliyeona soketi alikuwa Ame.

Ame aliuza pweza, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwa Jecha, na siku hiyo mama yake alikuwa amelazwa Wete. Simu yake ilikuwa imezima. Kawaida simu za kitongoji zilifungwa kwenye mfuko wa plastiki, zikapelekwa kwa baiskeli Konde kuchajiwa, zikarudi kesho yake, kama zilirudi.

"Yakhe Jecha," alisema Ame, akiinama kuangalia kijitaa cha kijani juu ya betri. "Huu nao si moto wa umeme huu?"

"Moto wa pampu."

"Pampu yenyewe hiyo? Kitu kidogo kama ndimu? Kitakula kiasi gani? Nipe dakika chache tu, nijue mama yangu kaamkaje."

Mama wa mtu amelazwa. Ungejibu nini? Jecha akachomeka. Jioni Ame alipiga simu palepale bandani, akamsikia mama yake akigombana na wauguzi, akajua amepona. Akamkumbatia Jecha akatoa machozi.

Habari njema haina miguu lakini Makangale ilikuwa imeshafika kabla ya isha. Kesho yake Bi Ummkulthum alikuja na simu yake ya kitochi, ambayo kazi yake ilikuwa moja tu, kumsikia mwanawe aliyeko Maskati. Keshokutwa akaja mwalimu wa madrasa. Kisha binti aliyesubiri posa. Kisha kinyozi na mashine yake, kwa kuwa sikukuu ilikaribia na watoto wa kitongoji, alisema, hawawezi kwenda kuswali na vichwa kama vifuu. Wote waliomba kwa adabu. Wote walisema ni hii moja tu. Na Jecha hakulelewa katika nyumba ambayo jirani hubisha hodi akaambiwa hapana. Neno lenyewe lilimshinda kutamka, kama watu wengine wanavyoshindwa na herufi.

Matundu ya soketi yakawa hayatoshi. Hapo ndipo Jecha alipofikiri, na tabu ya Jecha ilikuwa kwamba alifikiri vizuri. Usiku ndiyo kazi yenyewe, Samwel alisema kwa mdomo wake. Mchana jua kali, mabati yanawaka, unyevu uko wapi? Basi mchana akaichomoa pampu, akachomeka simu za watu. Magharibi watu walipochukua simu zao, aliirudisha pampu mahali pake, akaisikiliza inavyovuma, akafunika turubai, akaenda nyumbani kwa mgonjwa wake. Asubuhi akirudi aliikuta inavuma vilevile, kwa kuwa jua lilikuwa limeshapanda. Alichokuwa hakisikii, kwa sababu alikuwa nyumbani akimpangia Mwatum mito ya kuegemea, ni jinsi betri iliyonyonywa mchana kutwa ilivyoishiwa kabla hata ya isha, pampu ikakohoa ikanyamaza, na hewa ya chumvi ikakaa ndani ya injini mpaka asubuhi, bila wa kuisukuma.

Na hapo ndipo mwujiza ulipotokea. Punje ziliacha kugeuka.

Wiki ya kwanza Jecha alidhani ni macho yake. Wiki ya pili alizishika juani, punje moja moja. Buluu. Buluu ya mlango mpya. Zamani alikuwa akitafuta makaa kila mara. Sasa kikaango kikarudi kukaanga vitumbua.

"Hazigeuki tena," alimwambia Mwatum, akiwa amekaa miguuni pake akimkanda nyayo, ambazo zilikuwa zimeanza kuvimba. "Tangu mwezi wa Mfungo Tatu. Tangu niwape watu moto."

Mwatum alimtazama. "Labda zimechoka."

"Zikichoka zingekuwa pinki. Zi buluu, Mwatum."

"Miye nami nikichoka huwa nakaa kimya. Haina maana sina kitu."

Jecha akacheka. Jioni ile alilisimulia jambo hilo mbele ya Bi Ummkulthum, na Bi Ummkulthum hakucheka. Alinyanyua mikono miwili.

"Mungu kaona, mwanangu," alisema. "Weye umewatoshea watu, naye kakutoshea. Hiyo ni baraka, usiihoji."

Jecha hakuihoji. Aliianika moyoni mwake kama mtu anavyoanika karafuu, akaigeuza kila siku upande na upande, na kila asubuhi alipoinua turubai na kuikuta buluu alisema alhamdulillah, akapokea simu za watu.

*

Bi Conchesta, muuguzi wa kituo cha afya, hakuwa mtu wa baraka. Alitoka Bukoba, alikuwa na miaka mingi Pemba, na alizungumza na waume wa wagonjwa wake kama askari wa barabarani anavyozungumza na madereva.

"Mwezi wa saba umekwisha," alisema, baada ya kumpima Mwatum mara mbili. "Jecha, mimi nasema aondoke sasa. Ndege ya abiria ya Chake leo bado watampokea, nitaandika barua mwenyewe. Akakae Dar, asubiri hukohuko."

"Akae kwa nani, sista?"

"Wodini. Kwa mtu wa kanisani kwangu. Popote."

"Mke wangu akalale kwa watu nisiowajua miezi, na ndege ipo mlangoni kwangu?"

"Ndege ina mguu mmoja."

"Mguu waja. Samwel kapiga simu, umeshaingia bandarini. Injini ndiyo ilikuwa kazi, na injini ni kavu. Njoo uzione punje."

"Sitaki kuona punje. Namwona huyu." Bi Conchesta alimgeukia Mwatum. "Wewe wasemaje?"

Mwatum alimwangalia mumewe, ambaye kwa miezi mingi hakuwa na jambo jingine la kujivunia duniani. Akavuta pumzi, akaitumia yote.

"Nitapanda ya mume wangu."

Na hivyo ikawa.

*

Mguu ulikuja. Hilo lazima lisemwe, kwa kuwa watu wengi waliapa hautakuja. Samwel alifika nao asubuhi, siku chache baada ya mwezi wa tisa kuingia, amefuatana na fundi wa kutoka Dar, kijana mnene mwenye sanduku la vifaa na desturi ya kuimba chini chini. Kabla ya adhuhuri mguu ulikuwa umekaa, ndege imesimama sawa kwa mara ya kwanza tangu siku ya ng'ombe, na kitongoji kizima kimejipanga pembeni ya kiwanja kama siku ya maulidi. Mpango ulikuwa kwamba Mwatum aondoke kesho yake asubuhi. Begi lilikuwa limefungwa. Ndani mlikuwa na kanga mpya, nguo za mtoto na kichupa cha mafuta ya karafuu. Mwenyewe alikuwa barazani kwake, amekaa wima kwa kuwa kulala hakuwezi tena, midomo imegeuka rangi, na Bi Conchesta yuko pembeni yake amemshika mshipa wa mkono.

"Sasa tumwone bwana mkubwa," alisema fundi.

Alifungua plagi moja ya injini, akaingiza tunduni kamera nyembamba kama mkia wa panya, akaangalia picha kwenye simu yake. Akaacha kuimba. Akaitoa, akaingiza tundu la pili. Kisha akampa Samwel simu bila kumtazama.

Jecha aliiona picha ile juu ya bega la Samwel. Kuta za silinda, ambazo aliambiwa zapaswa kung'aa kama kioo, zilikuwa za kahawia, zina mabaka, zimechimbika, kama sufuria iliyosahauliwa uani masika nzima. Fundi alimwaga oili kidogo kwenye kitambaa cheupe. Ilitoka na vumbi jekundu.

"Haiwezekani," alisema Jecha. Aliifunua chupa. "Samwel, tazama. Buluu. Tazama mwenyewe."

Samwel alitazama. "Mara ya mwisho kuzikaanga lini?"

"Hazijataka. Tangu Mfungo Tatu zi buluu zenyewe. Ni…" Neno baraka lilimfika mdomoni likakataa kutoka.

Samwel alichutama. Akaona soketi, akaona nyaya za chaja, nyeupe na nyeusi, zimesukwa pamoja kama ukili. Moja ilikuwa imefungwa kitambaa cha kanga ili isichanganyike na za wengine. Akaweka kiganja juu ya betri kama mtu anavyompima mtoto homa. Ile sauti ya kuhubiri haikuja. Alisema polepole, karibu na sikio la Jecha, ili watu waliopanga mstari pale wasisikie.

"Zilibaki buluu kwa sababu hakuna hewa iliyopita humo, Jecha. Hazikunywa. Hazikufanya kazi kabisa."

Jecha alimsikia, akaelewa neno kwa neno, na bado akauliza, "Kwa hiyo kesho saa ngapi?"

"Hatuendi."

"Itawaka lakini?"

"Kuwaka itawaka," fundi akajibu. "Itazimika wapi ndiyo hatujui. Na chini ni bahari tupu."

"Basi twende watatu tu. Miye, na yeye, na weye. Ikizimika tuzimike."

"Ningekuwa namwua mimi," alisema Samwel. "Siwezi."

Alianza kupiga simu. Alipiga kila mahali ambapo mtu mwenye akili angepiga. Ndege nyingine ya wagonjwa ilipatikana, ilikuwa Arusha, na ingeweza kutua Chake kesho mchana. Kesho mchana lilikuwa jibu zuri. Watu wengi wangelipokea kwa shukrani.

Lakini alasiri ile, kabla vivuli havijarefuka, Mwatum alishikwa na uchungu.

*

Ame ndiye aliyepiga simu kwa Nyange, mwenye pikapu inayobeba samaki kutoka Tumbe. Nyange alikuwa njiani na mzigo. Aligeuza gari palepale, akafika, wakashusha madebe ya samaki na barafu yake barabarani, wakatandika godoro. Bi Conchesta alipanda nyuma na mgonjwa. Jecha akapanda upande wa kichwa, akamwegemeza Mwatum kifuani pake ili apate kukaa wima. Samwel aliketi mbele na dereva, magoti yamefika kidevuni, simu sikioni, akiwaambia watu wa Wete wajitayarishe.

Njia ya Ngezi ni mbaya hata kwa samaki.

"Harufu hii," alisema Mwatum, walipokwisha kuingia msituni. "Nitazaa changu."

"Usiseme sana."

"Jecha." Alipumzika. "Ndege ina nini?"

Bi Conchesta aliinua macho akamwangalia Jecha. Gari lilirukaruka. Majani ya miti yalipita juu yao, mazito, ya giza, bila mwisho.

"Mguu," alisema Jecha. "Mguu haujakaa vizuri."

Mwatum alifumba macho, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda, kama alivyofanya siku zote kabla ya kusema jambo la kuuma.

"Ng'ombe yule," alisema.

Hakusema jingine. Msitu ulipokwisha na mashamba kuanza, Bi Conchesta aligonga kioo cha nyuma ya dereva, si kwa nguvu, akamwambia apunguze mwendo, hakuna tena haja ya kukimbia. Wete walimtoa mtoto. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

*

Walizikwa kesho yake asubuhi, kaburi moja. Mazishi yalikuwa makubwa. Kitongoji hakikumbuki mengine kama yale. Walikuja watu wa Tumbe, wa Konde, wa Wingwi ambao hawajafika Makangale tangu kuzaliwa, shangazi wa Mwatum kutoka Mkoani, na mwana wa Bi Ummkulthum alisoma Fatiha kutoka Maskati, simu ikishikwa juu ili wote wasikie. Ile ndege ya Arusha ilitua Chake mchana, kama ilivyoahidi, ikaambiwa, ikaondoka.

Samwel alibaki mpaka maziko yakamalizika. Kisha alimvuta Jecha pembeni ya banda. Fundi alikuwa ameshaanza kuifungua injini, iende Dar kwa boti.

"Sijamwambia mtu," alisema. "Wala sitamwambia." Akaelekeza mguu kwenye zile nyaya. "Nizing'oe hizi?"

Jecha alizitazama. Ile yenye kitambaa cha kanga ilikuwa ya Bi Ummkulthum.

"Ziache," alisema.

Matanga yalikaa siku tatu. Wanaume walikaa uani juu ya majamvi, wakasoma, wakanywa kahawa, na baina ya juzuu na juzuu wakazungumza kwa sauti ya chini kama inavyopasa. Jecha alikaa kwenye kona, karibu na seredani iliyozimwa, akaitikia kila mkono uliokuja.

"Miye nasema jambo moja," alisema Ame siku ya mwisho, akiwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, na alikuwa analia kweli. "Simu yangu ilikuwa imejaa. Siku ile. Ningekuwa nimeipeleka Konde, Nyange ningempata wapi? Angefia barazani pale. Angalau alikwenda. Angalau ulijaribu, yakhe. Kwa moto wako mwenyewe."

Watu wakatikisa vichwa. Kweli, walisema. Kweli kabisa.

"Na watu hawa wote," Bi Ummkulthum akadakia kutoka mlangoni kwa wanawake, akiwa ameshika sinia. "Nani angewapa habari? Kila mmoja wetu alikuwa na chaji. Wema wako, mwanangu, ndio uliomzika mkeo na umati ule. Hilo utalipwa hata akhera."

Wote walimgeukia Jecha, nyuso zimejaa huruma, wakingoja atie neno. Aliwatazama mmoja mmoja. Angeweza kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache na alikuwa nayo yote. Akamwangalia Ame na kikombe chake. Akamwangalia Bi Ummkulthum na sinia lake.

"Mungu awalipe," alisema Jecha.

Siku ya nne alirudi kazini, kwa kuwa ndege bila injini nayo yalindwa. Ng'ombe alikuwa amelala mahali pake pa zamani. Jecha alimpita, hakumfukuza. Bandani aliinua turubai. Pua ya ndege ilikuwa wazi, tupu, mipira miwili imening'inia haina pa kuingia, na pampu, kwa kuwa jua lilikuwa limepanda na hakuna aliyekumbuka kuichomoa, ilikuwa inavuma kwa bidii, inavuta hewa ya bahari na kuipitisha kwenye chupa. Punje za chini zilikuwa zimeanza kupauka. Alichutama akazitazama zikigeuka pinki, mstari baada ya mstari, kwa muda mrefu.

Aliposikia kanga zinaburura majani hakugeuka.

"Hodi mwanangu," alisema Bi Ummkulthum. "Usinione sina haya, na msiba bado mbichi. Mwanangu kasema atapiga leo, ajue umeamkaje. Nayo imezima. Ipo nafasi?"

Matundu yote yalikuwa na waya. Watu walikuwa wamekwisha pita alfajiri, kimya kimya, wasimsumbue mfiwa. Jecha aliyaangalia. Kisha akaichomoa pampu, mvumo ukakatika, akachukua simu kutoka mkononi mwa yule mama, akaichomeka mahali pake kwa ule waya wenye kitambaa cha kanga.

"Ipo, Bi," alisema.

"Ikijaa utaniletea?"

"Nitakuletea."